Sura ya Tisa: Biri Haiuawi

Mke wa fundi alifika kituoni saa moja na nusu asubuhi, akaketi kwenye benchi la wenye shida na kukataa kusikilizwa na mtu mwingine yeyote ila Inspekta. Askari wa zamu alijaribu kumwambia kwamba Inspekta ni mtu wa taratibu na huenda akachelewa. Mwanamke akamjibu kwamba mimba ya miezi saba nayo ni ya taratibu, na bado anaibeba.

Kituoni walimwita Inspekta Mama Taratibu, wengine kwa heshima na wengine kwa kuchoshwa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mvaaji wa viatu vya raba, ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia hata mvua ilipomkuta uwanjani. Alimkuta mgeni wake amekaa wima, mikono juu ya tumbo, macho makavu. Akampeleka ofisini, akampa kiti kizuri, mwenyewe akakalia kile kibovu.

Habari yenyewe kila mtu kituoni aliijua. Jumapili asubuhi kaka wa mwanamke huyu, daktari wa meno, alikuwa akiteremka kutoka kambini porini kwa gari lake la kijani. Breki zikamkatalia kwenye mteremko, akaingia korongoni, akafa. Walipolichunguza gari waliona nati ya paipu ya breki, gurudumu la mbele kushoto, imelegezwa kwa spana. Jumatatu wakamkamata mume wa mwanamke, fundi wa magari, aliyekuwa kambi moja na marehemu hadi Jumamosi jioni. Leo ilikuwa Jumanne. Kesho saa tatu angesimamishwa kizimbani kwa mauaji, na mauaji hayana dhamana. Mtoto angezaliwa baba yuko ndani.

"Afande, kaka yangu yuko mochwari na mume wangu yuko rumande," alisema mwanamke. "Nikimlilia mmoja namsaliti mwingine. Tangu Jumapili sijatoa hata chozi. Niambie nimlilie nani."

Inspekta alivuta daftari lake. Akamwomba amsimulie Jumamosi na Jumapili zilivyokwenda, kila kitu, hata cha kipuuzi. Mwanamke akasimulia. Jumamosi mchana tumbo lilimkaza, akampigia mumewe mpaka mtandao ukakubali, naye akafunga virago akarudi, akaingia nyumbani saa mbili usiku ananuka moshi. Asubuhi yeye akaamka vizuri, akaloweka ovaroli la mumewe. Maji yakageuka rangi ya chai ya rangi, maana mwanamume yule, ambaye husahau kila kitu mfukoni, safari hii alikuwa amesahau kipisi cha tumbaku. Alikuwa bado anasugua na kumlaani kimoyomoyo simu ilipolia kuhusu kaka yake. Alilieleza hilo la ovaroli kwa kirefu kwa sababu ndilo jambo la mwisho la kawaida alilolikumbuka.

Inspekta aliandika yote kwa mwandiko wake mkubwa, akamsindikiza hadi mlangoni.

Mkuu wa kituo alimkuta ukumbini na kumkumbusha kwamba jalada limekamilika. Mshtakiwa ana ujuzi wa breki. Ijumaa, wakati wa chai, alisikika akimwambia marehemu, "Ipo siku gari hili litakutupa." Na kuna kielelezo. Mkuu alilitamka neno kielelezo kwa raha, kama mtu anayetaja jina la mtoto wake aliyefaulu.

Kielelezo kilikuwa biri moja, ile sigara nene iliyosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Ilikuwa imevutwa nusu. Jivu lake, urefu wa nusu kidole, lilikuwa bado limeng'ang'ania mwilini ingawa lilipasuka kidogo njiani. Kiunoni ilivaa pete ya karatasi nyekundu. Ncha ya kuvutia haikukatwa, iling'atwa. Ilikutwa juu ya jiwe kando ya pale gurudumu la mbele kushoto la gari la kijani lilipokuwa. Sampuli ya mate ilikuwa imepelekwa maabara, na maabara walishasema majibu yatachukua mwezi.

Kambini walikuwa watu watatu tu: daktari, fundi, na mfamasia, rafiki wa daktari tangu shule. Kasha la biri lilikuwa la daktari. Yeye na mfamasia walivuta zenye pete ya kahawia, kali. Fundi, aliyekuwa bado mwanafunzi wa kuvuta, aligawiwa zenye pete nyekundu, laini. Na kila mtu alijua kwamba fundi hung'ata ncha kwa meno. Mfamasia ndiye aliyewaonyesha polisi jiwe lile, Jumapili hiyohiyo, akisikitika.

"Kila kidole kinamwelekea fundi," alisema Koplo, msaidizi wa Inspekta, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu na aliyeacha sigara mara saba. "Mimi vidole vikielekea mahali pamoja hivyo, huwa nauliza ni mkono wa nani."

Wakaenda kwanza rumande.

Fundi aliletwa amevaa shati la kuazima. Alikuwa mwanamume mwenye mabega mapana na pengo mbele, jino la juu la katikati, lililong'olewa na spana miaka mitatu nyuma. Alipozungumza aliweka kiganja mdomoni, aibu ya zamani. Alikiri maneno ya Ijumaa. Shemeji yake alikuwa anapenda gari kuliko alivyolijua. Yeye alimwambia abadilishe mipira ya breki kabla ya safari, naye akajibu kwamba meno ndiyo hayangoji, breki zinangoja. Basi akasema vile kwa hasira ya upendo. Na Ijumaa hiyohiyo, baada ya chai, akaingia chini ya gari akakaza kila nati kwa mkono wake.

"Afande, ningetaka kumuua mtu kwa breki, isingejulikana," alisema. "Mtu aliyelegeza nati ile mliyonionyesha hata spana hakuipata ya saizi. Kona zimelika. Mimi siwezi kufanya kazi chafu vile hata kwa adui."

Inspekta akamuuliza kuhusu biri. Fundi akacheka kidogo, kiganja mdomoni. Alisema walimvutisha kwa heshima tu, maana shemeji ukimkatalia kitu anakununia wiki. Ile ya Ijumaa aliitupa motoni nusu, wenzake wakapiga kelele kama kwamba ametupa mtoto. Ya Jumamosi aliivuta mchana, ikamtia kizunguzungu, akaizima kwa kisigino cha buti na kuitia mfukoni ili wasimseme. Baada ya hapo simu ya mke ikaingia. Upande lilikoegeshwa gari la kijani hakufika siku hiyo.

Walipoinuka kuondoka aliwauliza kama wanapanda kambini. Walipokubali, aliwasihi wapunguze upepo wa matairi kabla ya mchanga, wasijifanye wajuaji. Koplo akajibu kwamba yeye ameendesha gari la serikali miaka thelathini.

Kwenye mchanga gari la serikali lilizama hadi kwenye ekseli. Koplo alikanyaga mafuta, magurudumu yakachimba, harufu ya klachi ikajaa. Inspekta alitoa kitambaa akafuta miwani yake, jambo lililomwumiza Koplo kuliko matusi. Hatimaye mzee akateremka, akapunguza upepo kwenye matairi yote manne, akaingiza gia ya nguvu, na gari likatoka polepole kama ng'ombe anayetoka kwenye tope. Kutoka hapo alienda kwa adabu. Njia ilipanda kwenye mawe yaliyolegea, ikavuka kijito, ikapinda ukingoni mwa korongo ambako majani yalikuwa yamelala pale daktari alipopita. Koplo akapunguza mwendo mpaka walipopita hapo.

Kambi ilikuwa uwanja mdogo wa nyasi juu ya mlima, umezungukwa na miti, wenye upepo mwanana na ukimya ambao Inspekta aliupenda mara moja. Alielewa kwa nini watu wazima watatu wangeacha vitanda vyao kuja kulala hapa. Akavua kofia, akazunguka uwanja mara moja bila kugusa kitu, kisha mara ya pili akiinama.

Duara la mawe ya moto lilikuwa katikati. Alama za viti vitatu vya kukunja zilionekana wazi kwenye nyasi. Kati ya viti viwili, juu ya jiwe bapa, vilikuwapo vipisi vinne vya biri zenye pete ya kahawia, vimelazwa kwa mstari kama wagonjwa wodini. Kila kimoja kilizimika chenyewe, jivu lake likibaki mahali pake. Hakuna aliyekuwa amekibonyeza hata kimoja. Mbele ya kiti cha tatu hapakuwa na kipisi. Palikuwa na doa jeusi kwenye udongo mgumu, limeburutwa, na ndani yake alama ya ukingo wa kisigino cha buti.

Kisha akaenda kwenye jiwe la kando ya gurudumu. Kielelezo kilishachukuliwa, lakini jiwe lilibaki na kumbukumbu yake: mstari mwembamba wa kahawia pale kaa lilipougua mpaka likafa, na vumbi jepesi la jivu. Hapakuwa na doa la kubonyeza.

Inspekta alichuchumaa hapo kwa muda mrefu hata Koplo akaenda kuchemsha maji.

"Koplo, wewe ulipokuwa unavuta, ukitaka kuacha sigara uliifanyaje?"

"Naikandamiza. Isiposema ishii, sijaridhika."

"Siku zote?"

"Afande, mkono una akili yake. Mpaka leo nikimaliza kula mua natafuta mahali pa kukandamiza."

Inspekta akasimama, magoti yakamlia. Akakumbuka maji rangi ya chai. Fundi alipewa biri moja Jumamosi, na ile moja mke wake aliifua. Sasa hii ya jiweni ilitoka wapi? Lakini maneno ya mke kwa ajili ya mumewe mahakama huyapokea kwa koleo, na kipisi chenyewe kilikwenda na maji machafu. Akanywa chai yake, akatazama uwanja ule mzuri kwa mara ya mwisho, wakateremka.

Duka la dawa la mfamasia lilikuwa safi, rafu nyeupe, mizani ya watoto mlangoni, na kiti cha wazee chenye mto. Mwenyewe alikuwa mrefu, mpole, mwenye sauti ya kumtuliza mtoto anayechomwa sindano. Inspekta akamwambia kweli tupu, kwamba amekuja kufundishwa kuvuta biri kwa sababu hawezi kuandika ripoti juu ya kitu asichokielewa. Akatoa moja yenye pete nyekundu kutoka kwenye kasha la marehemu, iliyosajiliwa na kutiwa sahihi. Mfamasia akaitazama, akatabasamu kwa huzuni, akamwachia Koplo kaunta na kumpeleka mgeni wake uani, ambako palikuwa na makatoni matupu, viti viwili vya plastiki na ukuta mfupi wa matofali.

Alikuwa mwalimu mzuri, hilo lazima lisemwe. Alikata ncha kwa kimkasi chake maalumu, mara moja. Aliwasha kwa kuzungusha, moto ukiwa mbali kidogo, bila kuuvuta ndani. Alieleza kwamba moshi wa biri haumezwi, hukaa mdomoni kama neno ambalo mtu hajaamua kulisema, kisha huachwa uende. Alieleza kwamba jivu halikung'utwi, kwa kuwa ndilo linalopoza moto. Biri moja ni saa nzima, na ndiyo maana haifai mjini. Mjini nani ana saa nzima?

Akasimulia kambi. Siku nzima mnapigana na mawe, mmoja anatangulia, mwingine anamwelekeza kwa mkono, kulia, kushoto, polepole, mpaka mikono inauma kwa usukani. Mkifika mnazima injini na kusikia chuma kinavyopoa, ti, ti, ti. Mnawasha moto. Yeye na daktari walifanya hivyo miaka kumi na tisa, na kuna jioni walizomaliza biri mbili bila kusemezana neno, na zilikuwa jioni bora kuliko zote. Hapo akafuta macho. Inspekta alimtazama vizuri. Machozi yalikuwa ya kweli, na hilo lilimsumbua siku kadhaa baadaye.

Koplo akachungulia kutoka ndani, kama walivyopanga, akasema kuna mama mwenye cheti cha daktari na haraka zake. Mfamasia akainuka. Akaishusha biri juu ya ukuta wa matofali, kwa upole, kaa likining'inia nje ya ukingo, jivu zima kama lilivyo.

"Hukuizima," alisema Inspekta.

"Biri haizimwi, Afande. Kuibonyeza ni kuiua. Biri haiuawi. Unailaza, inakufa yenyewe kwa heshima yake."

"Hata yule shemeji mlimfundisha hivyo?"

"Yule?" Akacheka kwa pua. "Tulimsema mpaka tukachoka. Yeye huitupa motoni, au huikandamiza kwa kisigino kama anaua mende. Marehemu alikuwa akicheka mpaka analia. Yule hajawahi kuilaza biri hata siku moja."

Akasimama pale hatua moja kutoka mlangoni, kwa muda wa kumeza mate. Labda aliyasikia maneno yake mwenyewe. Labda hakuyasikia. Kisha akaingia ndani kumhudumia yule mama, akamwandikia juu ya boksi, kwa herufi kubwa, mara tatu kwa siku baada ya chakula.

Nje, garini, Koplo alitaka warudi wamfunge pingu hapohapo. Inspekta akakataa. Huwezi kumpeleka mtu mahakamani kwa sababu ana adabu na tumbaku. Mkuu angecheka, na wakili angecheka zaidi. Mwuaji alikuwa mwangalifu: alitafuta biri ya pete nyekundu, aliing'ata ncha ili ifanane na ya fundi, aliivuta nusu. Alikumbuka kila kitu isipokuwa kuiua. Mazoea yana taabu. Lakini aliing'ata, alirudia Inspekta, taratibu. Aliing'ata kwa meno yake, na meno yake yalikuwa na daktari.

Kliniki ya marehemu ilikuwa imefungwa kwa msiba. Nesi wake, mama wa makamo aliyefanya naye kazi miaka kumi na sita, aliwafungulia kwa ufunguo wake. Kiti cha wagonjwa kilikuwa kimefunikwa shuka. Inspekta akamweleza anachotaka, na nesi akawapeleka kwenye chumba cha nyuma, mbele ya rafu iliyojaa meno ya plasta, juu na chini, kila taya na karatasi yake. Daktari alikuwa na kawaida ya kuandika majina anayoyatumia mwenyewe: Bibi Pipi, Jirani Mlalamishi, Hakimu Mwoga. Taya la fundi liliandikwa Shemeji. Taya la mfamasia, lililochukuliwa mwaka juzi alipotengenezewa gego, liliandikwa Ndugu.

Nesi alilainisha ubapa wa nta kwenye maji ya moto, akaubonyeza kwa taya la Shemeji. Katikati ilibaki nafasi wazi, upana wa pengo. Akachukua ubapa mwingine, akaubonyeza kwa taya la Ndugu. Meno mawili ya mbele ya taya hilo yalikuwa yamepandana kidogo, moja likimkanyaga mwenzake, nayo yakaacha alama mbili zinazovukana. Inspekta akatoa mfuko wa kielelezo, akauweka kando ya nta zote mbili, akavaa miwani. Ncha ya biri haikuwa na pengo. Ilikuwa na alama mbili zinazovukana.

Nesi akaeleza la kwake, bila kuulizwa. Alisema wiki mbili nyuma mgonjwa alizimia kitini, nusura afe. Daktari alizichunguza chupa za dawa ya ganzi, akaibandua lebo ya juu, akakuta lebo nyingine chini yake: dawa ilikwisha muda mwaka uliopita. Zilitoka kwa mfamasia, rafikiye. Daktari aliandika barua kwa bodi ya dawa lakini hakuipeleka. Alisema ataipeleka Jumatatu, akishaongea naye porini kama ndugu. Chupa na barua vilikuwa kwenye droo. Nesi hakuwa amemwambia mtu, maana alifikiri maiti imeondoka na siri yake na kwamba si vizuri kumchafulia jina rafiki aliyefiwa.

Katika droo hiyohiyo kulikuwa na kikasha kidogo cha plastiki. Inspekta akakifungua. Ndani, juu ya pamba, lililala jino moja la bandia, la mbele, limetiwa rangi ya manjano kidogo ili lifanane na wenzake. Karatasi ilisema: Shemeji. J'tatu saa nne. Akikataa, afungwe kamba.

Koplo alisoma, akageuka kutazama dirisha.

Walimkuta mfamasia uani, saa kumi na moja kasoro, amekaa kwenye kiti kilekile. Biri ilikuwa palepale juu ya tofali, imeshakufa, jivu lake refu halijaanguka. Aliona mfuko wa nta mikononi mwa Inspekta, akaona chupa za ganzi mikononi mwa Koplo, na hakuinuka. Akauliza kama anaweza kufunga duka kwanza, ili watu wasije wakajitibu wenyewe. Inspekta akamruhusu. Alifunga kwa utaratibu, akazima friji ya chanjo, akakumbuka, akaiwasha tena.

Garini alisema kwa hiari yake, ingawa alionywa kwamba kila neno litaandikwa. Chupa zile zilikuwa kosa moja tu. Alimwomba rafiki yake ampe muda. Angeziondoa kimya kimya, jambo lingeisha lenyewe polepole bila mtu kuvunjiwa heshima. Jumamosi, mbele ya moto, alimwomba tena, na daktari akakataa.

"Nilimwomba aliache life lenyewe," alisema. "Miaka kumi na tisa, Afande. Hakunipa hata hilo."

Inspekta alimjibu walipofika kwenye lango la kituo.

"Biri ulizipa zote heshima hiyo," alisema. "Rafiki yako ulimbonyeza."

Mfamasia akainamisha kichwa.

Mkuu wa kituo alitazama nta, akatazama kielelezo chake alichokipenda, akaguna. Kisha, na hili lihesabiwe upande wake, akasaini karatasi za fundi bila kusubiri kesho.

Mke wa fundi alikuwa bado kwenye benchi. Hakuwa ameondoka tangu asubuhi, na askari wa zamu alikuwa ameishia kumletea chai na mto. Inspekta akaketi kando yake, kwa taratibu zake, akamweleza kila kitu kwa sauti ya chini: jiwe, kisigino, ovaroli, meno. Mwishoni akampa kile kikasha, akamwonyesha karatasi. Kingetakiwa mahakamani kwa siku moja, alisema, lakini leo acha alale nacho. Mwanamke akasoma mwandiko wa kaka yake. Mlango wa ndani ukafunguliwa na fundi akatokea na shati lake la kuazima, kiganja mdomoni.

"Asubuhi uliniuliza swali," alisema Inspekta. "Mlilie kaka yako. Huyu chukua, mwende nyumbani."

Mwanamke akakumbatia kikasha kifuani, akainamia tumbo lake, na hatimaye akalia.